Kelele za Injini Bondeni Kimwani

Pikapu lilikuwa limekwisha kuvuka mto na kukwea ukingo kwa kishindo, matope yakiruka hadi kwenye kioo, injini ilipoanza kugonga. Ka-ka-ka-ka-ka! Ungedhani mtu amefungiwa ndani ya debe na anataka kutoka. Kusum aliinua mguu kwenye mafuta, kelele zikapungua. Alipokanyaga tena zilirudi kwa hasira. Akazima gari, na hapo ndipo wote watatu walipoisikia mvua ikija kutoka ziwani, ikivuma juu ya mafunjo.

"Tumeshafika Nyanga?" aliuliza Kokugonza.

Haikuwa saa ya kucheka, lakini Kusum alicheka.

Kokugonza alikuwa bibi harusi wa kesho yake. Alikuwa akishona nguo kwenye baraza ya duka la kina Kusum mjini Bukoba, na kwa kuvumiliana kelele za cherehani na za wateja wakawa marafiki. Mumewe Kusum, Prabhudas, ndiye aliyeahidi kumfuata kwao Kimwani na kumpeleka Nyanga kwa bwana harusi. Malaria ikamlaza, basi Kusum akashika usukani mwenyewe. Gamaliel, baba mdogo wa bibi harusi na mpiga tarumbeta wa kanisa la Kilutheri, alikuwa akiwasindikiza.

Nyuma yao mto ulikuwa tayari umemeza njia waliyopitia. Mbele kulikuwa na bonde, nalo lilikuwa likijaa. Migomba ya kwanza ilionekana mbali mlimani, imefifia kwenye mvua. Kokugonza alikuwa ameteguka mguu walipokuwa wakisukuma gari mtoni. Kifundo kilikuwa kimevimba kama kiazi.

"Mama, tutembee," alisema Gamaliel. "Huyu nitambeba mgongoni."

"Kwenye mafunjo yale, mzee? Na viboko?"

Gamaliel alitazama mafunjo, akafunga tena mlango.

Kusum aliteremka, maji yakamfika kwenye vifundo. Akafungua boneti. Hofu yake ilikuwa moja: beringi ya mkono wa pistoni. Prabhudas alimfundisha kwamba ikiisha injini hugonga hivyohivyo, na ukilazimisha safari mkono hukatika na kutoboa injini. Alichomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa imejaa, safi.

"Washa, Koku! Kanyaga mafuta kidogo kwa mguu wako mzima."

Kelele zikaanza tena. Kusum alijifunga kitambaa kikavu mkononi, akachomoa waya wa plagi ya kwanza. Injini ikayumba, lakini mdundo wa kelele ukabaki uleule. Akaurudisha, akachomoa wa pili, kisha wa tatu, hadi wa mwisho.

"Umesikia tofauti, mzee?"

"Hakuna aliyenyamaza," alisema Gamaliel. Sikio lake lilikuwa limezoea kumkamata anayekosea katikati ya kundi zima.

"Ingekuwa beringi, nilipoizima plagi yake kelele zingepungua. Basi zinatoka wapi?"

Gamaliel alifikiri kidogo, akakimbilia mzigo wake na kurudi na tarumbeta. Akaondoa kipulizio, akauweka mdomo wake mwembamba sikioni na kuuelekeza mdomo mpana kwenye injini, huku mvua ikimchirizika shingoni. Nyuma, akatikisa kichwa. Katikati, akatikisa kichwa. Alipofika mbele aliruka kama aliyeumwa na siafu.

"Mama wee! Hapa, karibu na feni!"

Injini ilipozimwa Kusum aliingiza uso. Ncha za feni ziling'aa, zimetoka kukwaruzwa, na bati la kuzunguka rejeta lilikuwa na mikato mipya. Akashika injini na kuisukuma. Ikacheza upande mmoja. Mpira ulioibeba upande huo ulikuwa umekatika, pengine kwenye mawe ya mto, na kila akikanyaga mafuta injini iliruka, feni ikapiga bati.

"Injini ni nzima!" alipiga kelele. "Imevunjika kiti tu!"

Walikumbatiana kwenye maji, Mhindi na Mhaya, kama waliookota dhahabu.

Maji yalikuwa yakikaribia magoti. Gamaliel alikata tawi gumu kwa panga na kulichonga kabari. Kusum aliinua injini taratibu kwa jeki, akaiviringishia kabari kipande cha lubugo, kitambaa kinene cha gome la mti, na kuishindilia mahali pa mpira. Wakaikaza kwa kamba ya mzigo. Feni wakainyoosha kwa koleo. Kiboko aliinua kichwa ukingoni, masikio yakitikisika. Kokugonza akapiga sufuria ya harusi yake kwa mwiko na kumtukana kwa Kihaya hadi akazama.

"Waya za plagi zikilowa bondeni injini itazima," alisema Kusum.

Kokugonza alitoa kikopo cha samli aliyopewa na mama yake ajipake asubuhi. "Ngozi yangu itasubiri. Zipake hizo."

Wakaliingia bonde kwa gia ya kwanza. Maji yalipita juu ya sakafu, yakabeba kandambili za Gamaliel. Injini ikanguruma, nzito lakini laini, ikinukia samli ya moto. Gurudumu la nyuma likateleza, likashika, likateleza tena. "Usiache mafuta, dada!" alipiga kelele Kokugonza. Kusum hakuacha. Kisha pua ya gari ikainuka, changarawe ikalia chini ya magurudumu, na migomba ikawapokea pande zote mbili. Gamaliel alilia bila kujificha.

Walifika Nyanga jua likizama. Buberwa, bwana harusi, alikuja akikimbia akambeba Kokugonza mikononi. Wanawake wakatoka jikoni. "Kasinge! Kasinge!" walishukuru kwa Kihaya. Wakamvuta Kusum ndani, matope hadi kiunoni, nywele zimefumuka. Wote aliwajua. Alikuwa amewapimia vitambaa miaka yote, lakini hakuwahi kuvuka kizingiti cha yeyote kati yao. Wakamkalisha katikati, kwenye majani mapya yaliyotandikwa kwa ajili ya harusi, na kumfunulia ndizi na maharage zikifuka mvuke ndani ya jani.

Mkono wake ulikuwa na oili nyeusi kuchani. Akaunawa, akaunyoosha, akala.