Bendi ya Karibu, Bendi ya Mbali

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sikudhani alifagia uwanja wa nyumba yao pale Nachingwea, akamchotea bibi yake maji, kisha akanywa uji akiwa amesimama. Zamani aliunywa ameketi, kwa sababu mama yake, Mwalimu Zuhra, hakukubali mtu anywe uji wima kama askari wa zamu. Lakini Mama alikuwa amehamishiwa shule moja ya kijijini huko Chinongwe, wilayani Ruangwa, na hapakuwa tena na wa kumwambia kaa chini. Kule bondeni simu haikushika mtandao mpaka mtu apande kilima. Mama alipanda kila Jumapili, wakaongea kidogo huku upepo ukivuma ndani ya simu, halafu kimya mpaka Jumapili nyingine.

"Mjukuu wangu, chakula hakina kosa," Bibi Mwamina alimwambia kila alipoona sahani imebaki nusu.

"Nimeshiba, Bibi."

Hakuwa ameshiba. Alikuwa na hamu na mama yake, na hamu hujaza tumbo bila kulishibisha.

Shuleni kwao kulikuwa na klabu ya redio ya ridhaa, yaani redio ya kuongea na watu wengine kwa kupenda tu, si kwa biashara. Mlezi wake alikuwa Mwalimu Awadhi, mwenye leseni ya kuitumia. Yeye na Mwalimu Zuhra walisomea leseni hiyo pamoja, na huko Chinongwe Mama alikuwa tayari na redio yake. Siku moja Mwalimu Awadhi aliwaletea wanaklabu boksi lenye redio isiyoundwa: bodi tupu, vipande vidogo vidogo, na waya wa shaba.

"Msishike pasi ya kulehemu bado," alisema. "Kwanza tupange. Redio hii tunaitakia nini leo, na mwakani tutaiongezea nini?"

Wakapanga. Spika ingewekwa sasa, ili wote wasikie. Kioo cha kuonyesha namba za masafa kingesubiri. Hata hivyo, Mwalimu alitaka tundu la kioo litobolewe mapema, pamoja na tundu la swichi ya bendi ya pili, yaani ya masafa mengine ya mawimbi, kisha yazibwe kwa karatasi ya gundi. "Ukitoboa kasha wakati bodi imo ndani, unga wa chuma utaimwagikia na kuiharibu," alieleza.

Likabaki jambo kubwa. Waya ulitosha kusuka koili za bendi moja tu, yaani ile mizunguko ya waya inayochagua mawimbi. Bendi ya karibu ingewafikisha Ruangwa na wilaya za jirani. Bendi ya mbali ingevuka bahari.

"Ya mbali," alisema Jonasi, aliyekuwa fundi wao wa kulehemu. "Nataka kusikia Brazili. Ruangwa si naenda hata kwa pikipiki?"

Wenzake wakacheka, wakanyoosha mikono kumuunga mkono. Mwalimu Awadhi alimtazama Sikudhani kana kwamba anamngoja aseme neno. Sikudhani akainamisha kichwa. Aliona aibu. Msichana wa darasa la saba, kimo kama mlingoti, asimame mbele ya watu aseme anamlilia mama yake? Akanyoosha mkono pamoja na wengine.

Kazi ya kusuka koili walimpa yeye, maana vidole vyake vilikuwa vyembamba na vyepesi. Alikaa peke yake pembeni na ule waya. Bendi ya mbali ilitaka mizunguko michache, na ya karibu ilitaka mingi zaidi. Alizungusha mpaka pale palipotakiwa, akajiambia basi, inatosha. Vidole havikusimama. Viliendelea kuzungusha hadi mizunguko ikawa ya bendi ya karibu, akazikabidhi koili hivyo hivyo.

Jonasi alizilehemu kwa uangalifu. Siku ya majaribio wote walizunguka meza, na Mwalimu akaiwasha redio kwenye bendi ya mbali. Ikatoa mvumo hafifu tu. Brazili haikusikika, wala nchi nyingine yoyote.

"Ni kulehemu kwako, Jonasi," alisema Dafrosa, mwenyekiti wa klabu. "Mkono wako unatetemeka kama wa mzee."

Wakamwita Fundi Mharibifu. Jina likamganda. Jonasi alianza kubaki darasani wakati wa mapumziko, akiyeyusha kila kiungo na kukilehemu upya, hali vilikuwa vizima tangu mwanzo. Sikudhani alimchungulia dirishani. Alimwona ameunguza kidole, anakipuliza, kisha anaishika pasi tena. Hapo moyo ulimuuma kuliko siku ile Mama alipofunga mizigo. Kuhamishwa kwa Mama hakukuwa kosa lake, lakini mateso ya Jonasi yalikuwa yake kabisa.

Akaingia. "Acha, Jonasi. Viungo vyako havina shida. Ni mimi. Nilisuka koili za bendi ya karibu, nikanyamaza."

Jonasi aliiweka pasi mezani. "Umeniacha nichekwe wiki nzima."

"Ndiyo. Nisamehe."

"Kaseme mbele ya wote."

Akasema mbele ya wote, na sababu pia akaisema. Hakuna aliyemcheka. Dafrosa akamwomba Jonasi radhi. Mwalimu Awadhi hakugomba. Aliwauliza tu watafanyaje, nao wakaurudia mpango wao upya: wabaki na bendi ya karibu kwa sasa, kwa kuwa koili zake zipo, na wakipata waya mwingine waongeze ile ya mbali. Jonasi aliweka kidole juu ya tundu la swichi lililozibwa. "Hili ni langu," alisema. "Na koili zake nitazisuka mwenyewe."

Wakarefusha waya wa antena, wakaufunga chini chini kati ya nguzo mbili, maana antena ya chini hurusha mawimbi juu, nayo hurudi kuangukia jirani. Jumamosi asubuhi, saa aliyopatana na Mwalimu Zuhra kwa simu, Mwalimu Awadhi alitaja alama ya utambulisho ya kituo chao, akangoja. Kukawa na mkwaruzo, kisha sauti ya mwanamke ikajaza chumba.

Mwalimu akasogeza kipaza sauti mbele ya Sikudhani, akamkumbusha amalize kila zamu kwa kusema ova, naye akasimama pale akilia bila kuficha.

"Mama, nakusikia. Ova."

"Nami nakusikia, mwanangu, kama uko jikoni. Koili kasuka nani? Ova."

Sikudhani angeweza kujibu neno moja tu. Badala yake alimsimulia yote, klabu nzima ikisikiliza. Kisha sauti ya Mama ikarudi.

"Kuwa na hamu nami si kosa, Siku. Kosa ni kuificha hamu yako, ikafanya kazi gizani na kumwumiza mwenzako. Watu wanapokaa kupanga, kila mtu aseme anachokitaka, hata kama ni cha aibu. Ungesema, wangekusikia, kama ninavyokusikia sasa. Umeelewa? Ova."

"Nimeelewa, Mama. Ova."

"Vizuri. Na uji, unakunywaje siku hizi? Ova."

Sikudhani akafuta macho. "Nimesimama, Mama."

"Basi kaa chini, tuongee."

Jonasi akamsogezea kiti, naye akakaa.