Zipu ya Hema

Rafiki yangu msusi hakubali tena kulala hemani, na sababu ni hii. Yeye na mdogo wake wa kiume walikuwa wamezunguka miezi mingi na mabegi mgongoni, wakapiga hema ufukweni wapumzishe miguu. Mdogo akaenda kuogelea, akaacha hema wazi kama kawaida yake, japo kila siku hugombezwa kwa ajili ya mbu. Giza likaingia, hajarudi. Dada akasimama ukingoni mwa maji, akamwita huku akilia hadi sauti ikamkauka.

Mara akasikia zipu ya hema ikifungwa.

“Nusura uniue kwa presha!” akafoka akikimbilia hema. “Na leo ndiyo umekumbuka kufunga?”

Ndani, mtu akakohoa kikohozi cha mdogo wake.

Nyuma yake, mbali majini, sauti ya mdogo wake ikalia: “Dada, nazama!”

Zipu ikaanza kufunguliwa kutoka ndani, polepole.