Karatasi Mbili za Bukavu na Mate Niliyomtemea Shemeji

Nilimtemea shemeji yangu mate usoni... mbele ya kikundi chote cha maombi!

Ndiyo. Mimi Dévote, mama wa maombi hapa mjini Baraka, nikiwa na siku tatu za kufunga. Msinihukumu kabla ya kumaliza kusoma.

Mate yalimshuka Darius mpaka kidevuni. Hakujipangusa.

"Muchafu we! Nyama ya muke wako uliitupa wapi?" nilimfokea.



Ngoja niwaeleze.

Mwaka jana mimi na mdogo wangu Alida tulipatikana na uvimbe kwenye titi, mwezi uleule. Kila mmoja alikatwa kipande kidogo cha nyama, kikawekwa ndani ya kichupa chenye dawa, kipelekwe kupimwa Bukavu. Mimi nilikuwa na malaria kali, basi Alida na mume wake Darius ndio waliosafiri na vichupa vyote viwili.

Walirudi na karatasi mbili. Majibu sawasawa! Daktari akatupatia tembe zilezile, moja kila siku.

Uvimbe wangu ulinywea. Wa Alida ulipasuka.

Jamani, harufu ya kile kidonda... Nilikuwa naingia nimebana pumzi, naomba haraka-haraka, kisha natoka kutapika nyuma ya nyumba. Nilimlilia Mungu: mbona unaniponya mimi na kumwacha yeye?

Sasa, mimi nasoma masomo ya jioni. Nina miaka arobaini na sita, nakaa benchi moja na wasichana wa rika la binti yangu. Siku moja mwalimu Bertin alituambia tulete karatasi yoyote ya Kifaransa kutoka nyumbani, tujizoeze kusoma. Nikabeba zetu mbili za Bukavu.

Aliziangalia muda mrefu.

"Mama Dévote, hii ni karatasi moja."

"Moja namna gani, mwalimu?"

"Namba ya laboratware, kule walikopima, ni moja. Umri moja, arobaini na sita. Na hapa kwenye jina... mutu alipaka blanko, ile rangi nyeupe ya kufuta, akaandika jina lingine, akapiga fotokopi."

Alida ana miaka thelathini na nane!

Asubuhi nilikuwa mlangoni kwa daktari Isidore, yule aliyetupatia tembe, na zile karatasi mkononi. Alishika kichwa.

"Mama, kansa ya titi haiko moja. Ya kwako iko na milango ya kupokea homoni za mwanamke, na ile tembe inafunga milango. Kuna ingine haina hiyo milango kabisa. Hata kula hazili sawa! Mara nyingi ile inakuwa na protini nyingi za kumeza sukari, inakula kwa pupa. Ukiipa tembe hii, ni kazi bure."

"Basi ya Alida ni ya namna gani?"

"Sijui. Hakuna mutu aliyeipima."

Hapo ndipo nilipoenda moja kwa moja kwa Darius, nikakuta wamama wanamwombea Alida, nikapunga karatasi mbele yao, nikataja namba moja na umri mmoja, nikafanya nililolifanya.

"Kumbe!" Mama Pulchérie akadakia. "Ndiyo maana anashindaka anafua bitambaa bya kidonda. Zambi inamutafuna!"

"Mwanaume gani anafua hivi bila sababu?" mwingine akacheka kwa dharau.

Darius akainamisha kichwa tu. Nikamwinulia mkono nimpige...

"Yaya, acha!"

Ilikuwa sauti ya Alida, kutoka kwenye mkeka.

"Si yeye. Ni miye."

Nikashusha mkono.

"Darius alipanda gari ingine, ya nyuma, na mizigo. Mi nilibeba bichupa ku magoti. Kufika Nundu, cha kwangu kikaanza kuvuja. Ile harufu, yaya... Nikaangalia kile kinyama kinaelea, nikasikia kinyaa. Nikasema, hii ndiyo miye? Gari iliposimama, nikakitupa mu maji ya ziwa."

"Alida!"

"Cha kwako nilikifikisha. Halafu nikafikiri, tumetoka tumbo moja. Kule kambini, tulipokuwa wakimbizi, hata karte ya chakula tulitumiaka moja, tukashiba wote. Nikasema karatasi moja itatutosha, nikapiga ile fotokopi bila Darius kuona."

Nikamgeukia Darius. "Ulijua?"

"Nimejua leo, uliposema umri. Lakini ningemutaja muke wangu vipi mbele ya batu, na hawezi hata kusimama?"

Wamama wakaanza kukusanya Biblia zao. Na mimi, kinyaa chote nilichokuwa nacho kwa yule mwanaume kilinigeukia mwenyewe.

Alida alikatwa kipande kingine cha nyama, na kichupa hicho nilikibeba mwenyewe hadi Bukavu. Jibu lilikuja: milango ya homoni, hakuna. Tembe zile zilikuwa hazimgusi kabisa! Sasa Alida yuko kwenye dawa ya kutundikiwa, na daktari hatuahidi kitu.

Nilimwomba Darius msamaha kwa magoti.

"Mate inakaukaka, mama," alinijibu huku anakamua kitambaa. "Ile miezi munane tulipoteza ndiyo sijui nani atairudisha."

Dada yangu unayesoma hapa, gawana na ndugu yako unga, kitenge, hata kitanda. Jibu la mwili wako usilikope kwa mtu! Uliza: ya kwangu ni ya namna gani? Na wewe mama wa maombi mwenzangu, kabla hujamtemea mtu mate, mwulize mgonjwa.