Gitaa Lililovuliwa Nyuzi

Haya yalimpata binti mpangaji wa jirani yangu, mpiga gitaa wa zile kelele za kung'oa meno. Bendi ilimwambia gitaa lake la mbao ya mti wa mkangazi linanong'ona kama bibi harusi; asipobadilisha vinasa sauti, visumaku vile vya chini ya nyuzi, nafasi yake anapewa mwingine.

"Nitawatoboa masikio!" akasema. Dukani akakataa vya wastani, akachukua vikali.

Akajifungia chumbani, madirisha yamezibwa magodoro, taa amezima, giza totoro, ana tochi tu. Spika iliyounganishwa na gitaa akaisahau inawaka. Akavua nyuzi zote, akang'oa vinasa vya zamani.

Spika ikatoa mlio wa nyuzi zikipigwa, moja moja, polepole.

Binti akaifokea spika, "Mvivu we! Piga kwa nguvu!"

Zikapigwa kwa nguvu, mpaka gitaa tupu likamtetemekea mapajani.