Maziwa Yaliyomwagwa Bafuni

Tundu la maji machafu la bafuni kwa Khairiya lilikuwa safi kupita kiasi. Mwezi mzima lilikuwa limeziba kwa nywele na povu la sabuni, mtu akioga maji yanamfika vifundoni, na Hafiz, mumewe, kila siku anasema atalizibua kesho. Asubuhi ile Khairiya alikuta saruji imekauka na inang'aa, hakuna unywele, hakuna utelezi. Ungesema mtu ameinama akapalamba.

Hakumwambia mtu. Siku zile hakuwa na hamu ya kusema na yeyote nyumbani mwake, kwa sababu alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya haki.

Mtoto wao, Nahla, alikuwa na miezi minne. Ana mashavu, ana mapaja ya kukunjana, na ziwa la mama yake linamtosha na kusaza. Tatizo halikuwa mtoto. Tatizo lilikuwa Hafiz, mwanamume mzima mwenye duka la vipuri vya pikipiki pale Jadida, aliyechoka kulala chumba cha uani. Kwao wanaamini kwamba baba akimwingilia mama anayenyonyesha, mtoto hubemendwa: hudhoofu, miguu ikalegea, asitembee. Hafiz aliiamini imani hiyo sawasawa, ila kungoja hakutaka. Basi akaona anayepaswa kuacha kitu ni mtoto. Akaja na kopo la maziwa ya unga na chupa, akavitua mezani kifua mbele, utadhani kaleta mahari.

Mama yake, Bi Ummkulthum, ndiye aliyesimamia shughuli.

"Paka ziwa shubiri, umpe chupa," alisema. "Ziwa likishakauka, mumeo arudi chumbani mwake. Mwanamume hangoji miaka miwili, mwanangu."

"Bado mdogo, mama. Hata kukaa hajakaa."

"Weye wanfunza mie kulea? Huyo Hafiz nilimlea kwa n'ni?"

Kwa ziwa, miaka miwili kamili, mtaa mzima unajua. Lakini Khairiya hakulisema hilo, akapaka. Alitawaliwa na adabu, na adabu ya namna ile inanichefua.

Ziwa halijui amri ya mkwe. Lilijaa, likauma, ikabidi akamue kwenye bakuli. Bi Ummkulthum alimkataza kumwaga uani, maana majirani wangeona na wangeuliza. Mwaga bafuni, alisema, kwenye tundu. Sasa, hakuna mtoto Pemba asiyejua kwamba tundu la bafuni lina wenyewe. Hata maji ya moto humwagi hivihivi. Unapiga bismillahi mlangoni kwanza, wenye mahali wakupishe. Khairiya alimwaga siku tano, bakuli zima kila siku, meno yameumana kwa hasira, bila kutamka neno. Baada ya siku ya tano ndipo tundu likang'aa.

Kuanzia hapo chupa zilianza kwisha upesi. Nahla anavuta, maziwa yanashuka, chupa inabaki tupu, na mtoto bado analia kwa njaa, midomo mikavu. Khairiya aliitazama ile chuchu ya mpira akaona imetafunwa, alama za meno madogo zimezunguka pembeni. Nahla hakuwa na jino hata moja. Wakabadilisha chuchu. Kesho yake nayo imetafunwa, na chumba kikaanza kunuka maziwa yaliyochacha yaliyochanganyika na udi.

Baada ya wiki mbili mashavu ya Nahla yalikuwa yamekwisha. Kliniki muuguzi alimweka mtoto kwenye mizani, akaangalia kadi, akamweka tena.

"Ziwa unalo?" aliuliza.

"Ninalo."

"Sasa mbona mmemwachisha? Ntoto huyu yuwaisha. Mrudishe leo leo."

Khairiya alirudi nyumbani akamwambia mumewe alivyoambiwa. Hafiz hakuinua hata macho kwenye simu. "Ukimpa ziwa," alisema, "rudi kwenu. Na ntoto abaki hapa kwa mama." Kwa maneno hayo mawili matatu mwanamume alimfunga mkewe mikono, huku binti yake mwenyewe akiisha mbele ya macho yake. Mimi sina subira na mtu kama huyo.

Siku iliyofuata, saa saba mchana, jua la utosi, Khairiya alikuwa amelala ubavu na mtoto pembeni, chupa mkononi, mlango wa bafuni wazi, aliposikia sauti ya kunyonya. Alidhani ni Nahla, akainamisha uso, akaona Nahla amefumba mdomo na anamtazama, macho makubwa kwenye uso uliokonda, na chupa iko wima na maziwa yanashuka na povu linapanda, na ile sauti inaendelea, inameza, inapumua puani, inameza tena, karibu sana na kifua chake, mpaka akahisi pumzi ya baridi ikipita juu ya kanga pale maziwa yalipokuwa yamevuja, na kitu kidogo chenye uzito wa mtoto mchanga kikamwegemea tumboni kikitafuta, kikitafuta, kama mtoto yeyote anavyomtafuta mama yake gizani. Hapo alipiga ukelele.

Wakaitwa watu, na mtu aliyefaa alikuwa Shehe Nassor, mwalimu wa chuo cha Kurani anayejulikana kwa visomo. Alikuja baada ya alasiri na kombe lake, aya zilizoandikwa kwa zafarani za kunywesha mgonjwa, akaketi sebuleni, akaanza kusoma. Bi Ummkulthum alikuwa amempakata Nahla. Katikati ya kisomo bibi akamteremsha mtoto mkekani taratibu, akalala chali, na midomo yake ya miaka sitini ikaanza kunyonya hewa.

"Mama!" Hafiz akanong'ona. "Mama, kuna n'ni?"

"Assalaamu alaykum," kikajibu kinywa cha Bi Ummkulthum. Sauti ilikuwa ya mwanamke kijana, aliyechoka.

Shehe aliitikia. "Nani weye?"

"Jirani. Nakaa chini ya bafu hino tangu pahala hapa pako konde ya mihogo."

"Toka kwa mama huyu."

"Mie ntatoka. Mwanangu hatoki." Macho ya bibi yalikuwa yamegeuka meupe. "Ziwa langu lilikauka zamani, Shehe. Mwanangu akilia njaa. Mkamletea maziwa mlangoni pake, wala hamkutwambia tupishe. Siku tano. Sasa weye ni mwanachuoni, hebu nisomeshe. Ntoto akinywa ziwa la mwanamke mara tano, kila mara akashiba, ni nani wake?"

Shehe Nassor alifunua ukurasa wa kitabu chake, akafunua mwingine. Jasho lilimtoka.

"Jibu!"

"Mwanawe wa ziwa," alisema polepole.

"Na huyo binti yake?"

"Ndugu yake."

"Basi utamfukuza ntoto kwa mamake, kwa aya ipi?"

Shehe aliangalia kitabu chake kwa muda mrefu, kisha akakifunga. Naapa, nimesikia masimulizi mengi ya kupunga majini, sijasikia shehe aliyefunga kitabu.

"Maziwa ya kopo hayamshibishi wangu, na wenu hayamfikii," sauti ikasema. "Rudisheni ziwa. Kwa wote wawili, miaka miwili kamili. La sivyo mtazika huyo wenu, si kwa kutaka kwangu."

Khairiya hakungoja. Alimwokota Nahla mkekani, akasugua shubiri kwa upande wa kanga mpaka ngozi ikawa nyekundu, akampa.

"Khairiya!" Hafiz alisema. "Nilikwambiaje?"

Kichwa cha Bi Ummkulthum kikageuka kumwelekea mwanawe, kikageuka zaidi ya shingo inavyoruhusu. "Na weye," ikasema sauti, "usinkaribie mamake mwanangu mpaka amalize. Ukimbemenda wangu, sibakishi wako."

Bibi akazirai. Hafiz akatoka nje bila viatu.

Mimi hapo hucheka, nikiri. Khairiya hakucheka. Nahla alikuwa upande wa kulia, anavuta na kugugumia, na ziwa la kushoto, lililofunikwa kanga, lilianza kuvutwa nalo. Kwa meno.

Mashavu ya Nahla yalirudi. Ikapita miezi miwili, mtoto ananenepa, mama anakonda kwa kulisha wawili, na Hafiz akajipa moyo kwamba jini husahau. Mchana mmoja alifunga duka mapema, akaja kusimama mlangoni mwa chumba, ameoga, amejipaka mafuta mazuri.

"Mama Nahla," alisema kwa upole. "Mtoto mzima sasa. Ningie?"

Nahla alikuwa amelala kitandani, kashiba, mdomo wazi. Khairiya ameketi ukutani, kanga upande, mkono wake wa kushoto umepinda juu ya kitu kisichoonekana, kiganja kinapapasa taratibu. Kunyonya kukasita. Kanga ikasogea, kama kichwa kidogo kimegeuka kumtazama aliyesimama mlangoni.

Khairiya alimwangalia mumewe, na kwa mara ya kwanza tangu lile kopo liingie nyumbani, sauti yake haikuwa na hasira yoyote.

"Ngia ukitaka," alisema. "Lakini bado hajashiba."