Paa la Fundi Timazi

Mtaani walimwita Fundi Timazi, kwa sababu kuta zake hazikupinda hata kidogo. Nyumba yake aliijenga mwenyewe alipokuwa kijana. Paa lilikuwa la mabamba ya kijivu yenye mawimbi, magumu kama saruji. Mgeni hakumaliza chai yake kabla ya kusimuliwa habari za paa hilo.

Mke wa mwanawe alipopata ujauzito, Timazi aliamua kuongeza chumba. Asubuhi moja alipanda ngazi na msumeno ili akate mabamba ya pembeni. Mkwewe alikuwa chini akianika nguo.

Binti yake mkubwa, mkaguzi wa majengo, akaingia uani kuwajulia hali wazazi, kofia ngumu ya kazini kichwani.

"Shikamoo, baba. Naomba ushuke kwanza."

"Marahaba. Ngoja nikate kipande hiki kwanza."

"Usikate, baba. Shuka nikueleze."

Alisema kwa upole, lakini hakuwa na mzaha. Timazi akashuka, uso ameukunja.

"Mabamba ya zamani kama haya huenda yana asbesto," binti alisema. "Ni madini yenye nyuzi nyembamba mno. Walichanganya na saruji ili paa liwe imara na lisishike moto. Bamba zima likiachwa bila kuguswa, hatari ni ndogo. Likikatwa, likitobolewa au likivunjwa, nyuzi huruka na vumbi. Huzioni, lakini ukizivuta zinakaa kwenye mapafu. Baada ya miaka mingi zinaweza kuleta ugonjwa, hata saratani."

Mkwe akasogea mbali na ngazi, mkono tumboni.

"Kwa hiyo nimewajengea sumu?" Timazi aliuliza. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Umetujengea nyumba iliyotulea. Ulitumia vifaa vya wakati ule, na watu wengi hawakuambiwa."

Mama akadakia kutoka mlangoni, "Mimi nimemwambia ashuke tangu alfajiri. Hakunisikia kwa kuwa sina kofia ngumu kama yako."

Timazi akacheka, msumeno akauweka chini.

Binti akawatembeza ndani ya nyumba. Akawaonyesha bodi za dari, vigae vya zamani vya sakafuni, bomba kuukuu la maji na lile la kutolea moshi jikoni.

"Katika majengo ya zamani, asbesto inaweza kuwa popote hapa," alisema. "Inaweza pia isiwepo. Kwa macho hatuwezi kujua, mpaka maabara wapime. Msichukue vipande wenyewe. Kazi hiyo ina mafunzo yake."

"Na mabamba yaliyovunjika kule nyuma?" mama aliuliza. "Nilitaka kujengea banda la kuku."

"Hapana, mama. Yasiguswe, yasifagiliwe."

Siku chache baadaye binti alirudi na mwenzake wa kazini, wamevaa barakoa maalumu. Walilowesha kwa maji sehemu ndogo ndogo, wakachukua sampuli. Majibu yalikuja: paa na bomba la moshi vilikuwa na asbesto. Dari, vigae na bomba la maji vilikuwa salama.

Familia ikahamia kwa shangazi. Mafundi wenye kibali wakalowesha mabamba, wakayafungua bila kuyavunja, wakayafunga kwenye plastiki nene na kuyapeleka kwenye dampo lililoruhusiwa. Vile vipande vya nyuma navyo vikaondoka. Binti alisimamia, na watu wazima wenye misuli wakamsikiliza.

Majirani walitazama kwa mbali.

"Nani yule anayewaamrisha?" mmoja aliuliza.

"Wangu," Timazi akajibu, akaiweka sawa kola ya shati lake.

Nyumba ilipothibitishwa kuwa salama, walirudi. Timazi akapaua kwa mabati mapya na kukijenga chumba kwa mkono wake. Mjukuu akazaliwa, akalala humo akikoroma kama babu yake.

Siku hizi jirani akitaka kubomoa nyumba ya zamani, huja kwanza kwa Timazi amwazime nyundo. Timazi hatoi.

"Usiguse kitu," husema. "Kaa, unywe chai. Namwita binti yangu."