CD ya Baba na Waya wa Kisanduku

Kila asubuhi, wali ukishaliwa, Tojo alimimina maji kwenye sufuria, akachemsha ukoko mpaka maji yakawa ya kahawia, kisha akampelekea bibi yake kikombe. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya baba. Baba alifariki msimu wa kupanda mpunga, na tangu hapo nyumba yao, nje kidogo ya mji wa Betafo, ilikuwa kimya.

Ukimya huo uliwaumiza zaidi kwa sababu baba alikuwa msemaji. Katika kikundi cha waimbaji yeye ndiye aliyesimama mbele, amevaa koti jekundu na kofia ya ukili, akahutubia watu siku za sherehe. Hotuba yake moja ilirekodiwa, CD zikauzwa sokoni. Nyumbani ilibaki moja tu.

"Sura yake naiona," Bibi alisema asubuhi moja akipokea kikombe. "Sauti ndiyo imeanza kunitoka. Naitafuta, siipati."

"Leo utaisikia, Bibi," Tojo alimwambia.

Baba mdogo Rado alikuwa amekuja kutoka Antananarivo na kompyuta yake. Kompyuta hiyo haikuwa na mahali pa kuingiza CD, lakini marehemu aliacha kisanduku chembamba cha kusomea CD, chenye waya wa kuchomeka kwenye kompyuta. Shida ni kwamba Baba mdogo alikuwa anaondoka mchana, na hakujua atarudi lini.

Tojo alichomeka waya. Taa ya kisanduku ikawaka, ikafifia. Ndani kukasikika ti, ti, ti, kisha kimya. Kwenye kompyuta hakikuonekana kitu. Wakahamisha waya kwenye tundu jingine. Wakaizima kompyuta, wakaiwasha tena. Baba mdogo alichomeka flashi yake, ikasomeka mara moja; kumbe matundu yalikuwa mazima. Wakaifuta CD kwa shati. Ti, ti, ti.

"Haikitambui kabisa," Baba mdogo alisema. "Kisanduku kimekufa hiki."

Voahary, mdogo wake Tojo, mwenye miaka minane, alikuwa amesimama mlangoni. Aliingia, akainamisha kichwa.

"Naomba mnisamehe," alianza. "Mimi ni mdogo kuliko nyote humu, tena sistahili kusema mbele ya..."

"Ahaa!" Tojo aliruka. "Baba mdogo, umesikia? Kakiri mwenyewe! Juzi nilimkuta amekipakata!"

"Kaka, ngoja, mimi..."

"Ningoje nini? Vidole vyako hivyo havitulii hata kanisani! Sasa umemuua Baba mara ya pili."

Voahary alitoka polepole, akaenda kukaa nyuma ya jiko, kando ya banda la bata. Baba mdogo akaanza kufungasha kompyuta.

Bibi alikuwa amesikia yote kutoka chumba cha pili. Alikuja akijikongoja, shuka mabegani.

"Mtoto amesema nini?"

"Ameomba msamaha, Bibi. Amekiharibu."

"Amesema amekiharibu?"

"Hakusema hivyo," Tojo alikiri.

"Na wewe ni mtoto wa msemaji," Bibi alisema. "Baba yako uliwahi kumwona akihutubia bila kuanza kwa kuomba radhi? Nani hapa kwetu husema mbele ya wakubwa bila hivyo? Ndivyo alivyomfundisha mdogo wako. Mtoto alikuwa anafungua maneno yake, wewe ukamfunga mdomo. Kamlete."

Tojo alimkuta analia bila sauti, pindo la gauni mdomoni.

"Njoo, Voa. Bibi anataka umalize."

Voahary alirudi, akaanza upya kabisa kwa kuomba radhi, na safari hii hakuna aliyemkatiza.

"Waya una vichwa viwili," alisema. "Baba akimaliza kazi alikifunga kimoja kwa kitambaa ili kisining'inie. Fundo lile pale. Akitaka kusikiliza, alichomeka vyote viwili. Juzi kisanduku nilikipakata tu. Nilimkumbuka."

Baba mdogo alifungua kitambaa. Kichwa cha pili kikatokeza.

"Lo! Nilidhani waya ulikatika hapo ukaungwa. Kumbe umeme wa tundu moja haukitoshi kisanduku."

Walichomeka vichwa vyote viwili. Taa iliwaka, ikatulia. CD ikaanza kuzunguka.

Sauti ya Baba ilijaa chumba. Mama alitoka jikoni, mikono ikichuruzika maji, akasimama mlangoni asithubutu kuingia. Bibi alifumba macho. Pale wasikilizaji kwenye CD walipocheka, yeye alilia. Kisha hotuba ikaisha. Baba mdogo aliinakili hotuba hiyo kwenye kompyuta na kwenye simu ya Mama.

"Voa, nisamehe," Tojo alisema. "Hapa sifungui maneno tu, naomba radhi kweli. Nimekukosea."

Voahary aliitazama sakafu. "Usiseme tena kwamba nimemuua Baba."

"Sitasema."

Bibi aliwavuta wote wawili karibu yake.

"Kisanduku umekichomeka na kukichomoa asubuhi nzima, Tojo, wala hukukichoka. Mdogo wako hukumvumilia hata akamaliza sentensi moja. Tuliyemzika hatatujibu tena, hata tukimsikiliza kutwa. Walio hai uwasikilize mpaka mwisho, ndipo uamue kama wana kosa."